Magogo ya Hidmo ya Abrehet

Abrehet, mke wa mjomba wangu, aliingia katika hidmo ile, nyumba ya jadi ya kwetu, akiwa bibi harusi wa miaka kumi na saba. Aliinama, kwa kuwa mlango ulikuwa mfupi. Mkwewe alikuwa ameijenga kwa mawe matupu bila saruji, na paa la udongo mzito likabebwa na magogo ya mitarakwa yaliyoburutwa na maksai kutoka mlimani. Chumba cha mbele kililala ng'ombe. Cha nyuma, ng'ambo ya vihenge vya nafaka, kililala watu.

Mjomba alipouawa vitani, mwili haukurudi. Mvua zilipokaribia, Abrehet alipanda paani mwenyewe kuziba nyufa, kazi ambayo wanawake kwetu hawakuifanya.

"Abrehet, umekuwa mbuzi siku hizi?" jirani akamcheka.

"Nipandishie karai la udongo kwanza, ndipo ucheke."

Alipanda hivyo miaka ishirini na miwili. Kisha Gidey, mdogo wa mumewe, akarudi kutoka mjini kudai urithi. Kwetu ndugu wakigawana nyumba, hugawana miti yake.

"Shemeji, baba alituzaa wawili. Nusu ya magogo ni yangu."

"Sikukatalii. Ila utayashusha kwa mkono wako, nami nikiangalia."

Gidey akaja na shoka. Aliigonga nguzo ya kati, iliyobeba paa la chumba cha nyuma, ili ajue aanzie wapi, ikalia kama ngoma. Akachokoa kwa kidole, vumbi likamwagika. Mchwa walikuwa wameila ndani yote.

Mitarakwa ilikuwa imeshapigwa marufuku kukatwa. Nguzo nyingine za kuishikiza nyumba hazikuwapo, ila zile za chumba cha mbele.

"Zile ndizo fungu langu," Gidey akasema polepole.

"Najua."

Gidey akakaa kizingitini, shoka mapajani. "Basi tubomoe mbele, tushikize nyuma. Baba asije akanilaani."

Ikawachukua majuma matatu. Abrehet hakulia kuta ziliposhuka. Alilia siku walipomtoa ng'ombe wa mwisho, maana alikuwa amezoea kulala akisikia pumzi zao.

Gidey alirudi mjini mikono mitupu. Abrehet aliishi katika kile chumba kimoja miaka tisa zaidi, akafia humo wakati wa mfungo. Sasa humo anakaa binti yake, na paa bado halivuji.