Nyasi za Ubinafsishaji

Harufu ya petroli ikichanganyika na majani mabichi yaliyokatwa sasa hivi: ukiniwekea hiyo puani, huna haja ya kuniuliza nimetoka wapi. Juzi nilikuwa Babati kwenye semina, na kijana mmoja wa hoteli akawasha mashine ya kukata nyasi chini ya dirisha letu. Wenzangu walilalamikia kelele. Mimi niliacha kuandika nikakaa tu, mikono mapajani. Sikulia wala sikucheka. Ndivyo baba yangu alivyokuwa akikaa, na nadhani nimerithi.

Baba aliitwa Yohana, na kazi yake ilikuwa kukata nyasi kwenye kambi ya shamba la ngano, huko Hanang, upande wa Basotu. Kambi hiyo ilikuwa na nyumba za wataalamu wa Kizungu, na mbele ya nyumba kulikuwa na ukoka mpana ambao ungetosha viwanja kadhaa vya mpira. Ulimwagiliwa maji ya kisima kirefu mwaka mzima. Mashine yake ilikuwa ya kukalia, nyekundu, yenye usukani na kiti, na chini ya tumbo ilikuwa na visu viwili vinavyozunguka. Sisi tuliishi nyuma, kwenye nyumba za wafanyakazi.

Ndugu zake baba walikuwa wafugaji wa tambarare ile. Kabla ya ngano, pale palipokuwa na ukoka ndipo babu alipochungia, na baba mwenyewe alizaliwa karibu na pale. Kwa hiyo mashine ile iliwachekesha sana. Waliiita ng'ombe wa Yohana. Walisimama nje ya uzio wakiegemea fimbo zao, wakaitazama ikienda na kurudi, kisha mmoja anauliza kwa sauti kubwa, "Yohana, huyu anakula tangu asubuhi, maziwa yako wapi?" Baba alinyoosha mgongo kwenye kiti na kujifanya hasikii.

Halafu wataalamu wakaondoka. Ilikuwa miaka ile mashamba ya serikali yalipokuwa yanafungwa, na neno lililokuwa midomoni mwa kila mtu lilikuwa ubinafsishaji. Watu wazima walisema, "Ubinafsishaji unakuja," nami nikaelewa kwamba ni mtu. Nilimpa tumbo, miwani na gari jeupe. Nilimwogopa kidogo, lakini pia nilitaka kumwona. Wafanyakazi wengine walifunga mizigo wakarudi kwao Mogitu, Masakta na kwingineko. Baba akabaki, na kila asubuhi akaendelea kukata nyasi mbele ya nyumba tupu.

"Akija akakuta pori, atasema hapa hapana mtu," alimwambia mama. "Akikuta pamekatwa, atauliza nani amekata."

Hayo ndiyo yalikuwa matumaini yetu yote. Nyumba tuliyolala, shule niliyosoma, kila kitu kilikaa juu ya ile mashine, na mashine yenyewe ilikuwa na kiburi. Plagi ililowana ikagoma. Betri ilipokufa tuliisukuma, mama na mimi nyuma, baba juu ya kiti akituamrisha. Visu viligonga kichuguu vikapinda, baba akavinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe, na tangu siku hiyo ikawa inatetemeka mpaka meno ya baba yanagongana. Tairi la mbele alilijaza matambara. Vipuri vyake havikupatikana Katesh, na fundi mmoja wa Arusha alipoonyeshwa mkanda uliochakaa alisema kitu kama hicho hajawahi kukiona. Basi baba akakata ngozi ya ng'ombe, akaishona mkanda mpya, akaupaka mafuta ya nyama ili ulainike. Ulifanya kazi vizuri. Asubuhi yake tulikuta fisi ameutoa wote akaondoka nao. Mama alicheka hadi akakaa chini. Baba hakucheka, akaenda kutafuta ngozi nyingine, na safari hii jioni aliuvua mkanda akalala nao ndani.

Mwaka uliofuata mvua zilikataa. Tambarare yote iligeuka vumbi, isipokuwa ule ukoka, kwa sababu pampu ya kisima ilikuwa bado inafanya kazi. Ukisimama mlimani ungeuona kama kiraka cha kijani kwenye nguo ya kaki. Ndipo alipokuja baba mkubwa Gwandu, kaka yake baba.

Nilimsalimu, "Shikamoo, baba mkubwa," akaitikia bila kunitazama. Mkononi alishika fungu la majani mabichi. Lazima aliyatoa kando ya ziwa la Basotu, maana kwingine hayakuwepo. Kwa watu wetu, mtu akikujia ameshika majani hivyo, amekuja kuomba. Hata kama mna ugomvi, unayapokea kwanza, halafu ndipo mnazungumza.

"Ndama tu," alisema. "Wakubwa nitawapeleka mbali. Ndama hawawezi safari."

Baba alikuwa ameshika bisibisi. "Kaka, nyasi hizi si zangu," alijibu. "Nimewekwa tu. Wakikuta kwato humu, nitasema nini?"

"Akina nani? Kuna mtu?"

Mkono wa baba haukunyooka kuyapokea majani. Baba mkubwa akangoja, kisha akaweka yale majani juu ya kiti cha mashine, taratibu, akaondoka. Hakuwa amefika getini baba alipopanda. Hakuyaondoa. Aliyakalia, akawasha, akaanza kukata. Baba mkubwa aliposikia mlio aligeuka, akaona, akaendelea na safari yake.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Yohana! Unajua umekalia nini?" Baba alizunguka mti akarudi, uso wake mkavu, hauna hasira wala aibu. Usiku huo mama hakula nasi. Baadaye tulisikia kwamba ndama wote wamekufa. Baba aliposikia alisema "Sawa," akaomba maji ya kunawa.

Mvua iliporudi, ilirudi kwa fujo. Ukoka ukapanda hadi magotini, na katikati ya neema hiyo mashine ikafa. Safari hii haikuwa mkanda. Kitu ndani ya injini kilikatika kwa mlio mmoja, mafuta meusi yakamwagika, basi. Wiki hiyohiyo likaja neno kutoka wilayani kwamba wageni wanakuja kuangalia kambi. Baba alichukua fyekeo akafyeka mpaka bega likavimba, na sehemu aliyofyeka ilionekana ndogo kama mkeka. Alikaa muda mrefu juu ya mashine iliyokufa. Kisha akashuka, akang'oa fungu la majani pembeni ya tairi, akaniambia, "Twende."

Tulimkuta baba mkubwa mlangoni pa boma lake, amekaa kwenye kigoda. Baba alisema, "Shikamoo, kaka," akanyoosha majani kwa mikono miwili.

"Ya pale?" aliuliza baba mkubwa.

"Ya pale."

Baba mkubwa akayapokea. Akayaangalia. Kisha akainuka kidogo, akayaweka juu ya kigoda, akayakalia. Tukasimama. Inzi walikuja usoni mwangu nikaogopa kuwafukuza. Baba aliinamisha kichwa. Baada ya muda mrefu mzee akainuka, akayatoa majani yaliyolala bapa, akamlisha ng'ombe aliyekuwa karibu.

"Kesho nitawaleta," alisema.

Hakuwa na shida ya malisho tena, tambarare nzima ilikuwa kijani. Aliwaleta kwa ajili yetu tu. Waliingia getini wakala kwa adabu kuliko ile mashine, na kufikia siku ya wageni ukoka ulikuwa umelingana, ingawa kila hatua mtu alikanyaga mavi. Mama alizoa alichoweza. Ng'ombe walikuwa bado upande wa nyuma gari jeupe lilipoingia. Nikanong'ona, "Ndiye."

Halikuzima injini. Kioo kilishuka kidogo, mtu mwenye miwani, ndiyo, alikuwa na miwani, akaonyesha ng'ombe kwa kalamu. "Ninyi ndio walinzi? Hao ni wavamizi?"

Baba alisimama wima mbele ya kioo. "Hapana," alisema. "Ni wa kwetu. Ni wa kaka yangu."

Kioo kikapanda, gari likazunguka, likatoka. Hakuna aliyeshuka. Hakuna aliyetazama nyasi. Mwezi haukuisha tukaambiwa tuhame, tukahamia bomani kwa baba mkubwa, na mashine ikabaki palepale, kuku wa watu wakitagia kitini.

Kwa miaka mingi niliwachukia wale ng'ombe. Niliamini wao ndio waliotunyima nyumba. Nimekuwa mtu mzima, nimefanya kazi kwenye ofisi za watu, ndipo nikaelewa kwamba yule wa kwenye gari alimpa baba mlango wa kuponea. Ilitosha baba aseme "Ndiyo, ni wavamizi, tunawatoa sasa hivi," naye angebaki mlinzi, pengine mpaka leo. Aliombwa neno moja tu, na alikuwa mtu wa kutii, lakini siku ile hakulisema.

Baba mkubwa alikuwa amesimama hatua chache nyuma ya baba, fimbo mabegani. Mimi nilidhani yuko mbali, hasikii; kumbe alisikia, na baba alijua.