Rafu ya Wasio na Shukrani

Jamani, kuna watu wanaostaafu wakapumzika, na kuna Mama Faili. Miaka ishirini na miwili alitunza mafaili ya kampuni ya bima, chumba cha nyuma, jirani na choo. Hakuyapanga kwa herufi wala kwa tarehe. Aliwapanga wateja kwa tabia. Wagomvi dirishani, wapate hewa. Waongo juu kabisa, ili anayepanda ngazi kuwafuata ajue ameyataka mwenyewe. Wapole chini, karibu na mkono. Ukimtajia jina, faili lilikuwa mezani kabla hujafunga mdomo.

Siku ya kumuaga, bosi, kijana wa juzi tu, aliinua glasi ya soda akasema mafaili nayo ni kazi gani, hata kiti kinaweza kuyatunza. Watu wakacheka. Naye akacheka, maskini, lakini neno lile lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Na kweli hawakuajiri mtu. Walikiacha kiti.

Kiti kikashindwa wiki ya kwanza. Simu za ofisini zikaanza kumfuata Mama Faili nyumbani, na hakuna hata moja iliyoanza na salamu.

"Yule mwenye bekari yuko wapi?"

"Kwa wagomvi."

"Na mjane wa ghorofani?"

"Alikuwa kwa wapole, ila tangu aolewe tena nilimhamishia dirishani."

Maharage yaliungua mara tatu. Mumewe, fundi viatu, aliyala kimya mara mbili. Ya tatu uvumilivu ukamwisha.

"Mke wangu, mimi nikigongea kisigino natoza. Wewe unaendesha kampuni nzima bure?"

"Nitawatozaje? Si kusema tu?"

"Hata daktari anasema tu!"

Ukweli ni kwamba aliogopa. Akitaja bei, bosi akacheka, basi itakuwa kweli: miaka yote ile alikuwa kiti.

Jumatatu bosi akapiga mwenyewe, anahema. Wakaguzi wako ofisini, wanataka faili la bima yake yeye, bosi, sasa hivi. "Liko wapi?"

Mama Faili akamtazama mumewe. Mumewe akainua kiatu, akakigonga nyundo mara mbili.

"Siku hizi nina bei," akasema Mama Faili, akataja kiasi kilichomshtua hata yeye.

Bosi hakucheka. Pesa ziliingia kabla Mama Faili hajafunika sufuria. Machozi yakamlengalenga, wallahi, akayafuta kwa kiganja chenye kitunguu, yakazidi.

"Haya, nielekeze!"

"Rafu ya tano, nyuma ya mlango. Kwa wasio na shukrani."

Ngazi ikasikika ikiburutwa. Mtu akapiga chafya.

"Mbona niko peke yangu huku?"

"Rafu hiyo nilikuagizia wewe."

Bosi akanong'ona, wakaguzi wasisikie: "Siwezi kuhamishwa? Hata kwa wagomvi, nitashukuru. Taja bei."

"Hiyo haina bei. Kata simu, upige upya, uanze kama watu wanavyoanza."

Simu ikakatika. Mama Faili akakoroga maharage. Mumewe akaacha kugonga. Dakika moja. Mbili. Ikalia.

"Shikamoo, mama," ikasema sauti ndogo.

"Marahaba," akaitikia, akavuta kiti, akakikalia.