Alasiri Kanisani

Duka letu kule Kongo lilitazamana na kanisa. Siku hiyo mafundi walikuwa wakilipaka chokaa kwa ajili ya arusi, na kaka yangu Nassor kawapelekea soda, anawatania kuwa wameacha mabaka. Mama alicheka. Sijamsikia kucheka vile tena.

Adhuhuri risasi zikaanza upande wa sokoni. Padri akafungua lango, akatwambia sote tuingie, Waislamu na Wakristo.

Ndani watu walijaa mpaka altareni. Maji yalikuwa pipa moja, na aliyelilinda ni jirani yetu, Mama Esperance. Ilipoingia alasiri, Mama akamwomba ya kutawadha.

"Mama Nassor, haya ya watoto kunywa. Hapa si msikitini."

Nilimchukia palepale, na mpaka leo nnamchukia kwa neno lake la mwisho. Kwa maji hakukosea.

Nikamwambia Mama atayamamu, ajipanguse kwa vumbi, maana penye hatari dini imeruhusu. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha.

"Vumbi, na tangi limejaa pale nje?" akanikata. "Simbembelezi mtu mie."

Nassor akachukua birika. Nikamshika shati.

"Niache, narudi sasa hivi," akasema.

Tangi lilikuwa nyuma ya jiko la padri.

Tukasikia mlio mmoja.

Kisha birika likaanguka kwenye sementi.

Padri na wanaume wawili walitambaa wakamvuta ndani. Alikuwa keshakufa.

Mama hakulia. Jua lilipokaribia kuzama, alipiga viganja sakafuni penye vumbi, akajipangusa uso na mikono, akasali alasiri yake.

Sasa tunaishi Darsait, hapa Maskati, sie wawili. Waliompiga Nassor nnawalaani kila siku, wala sura zao sizijui. Wageni wakija husema kafa shahidi, na Mama huitikia. Mie huondoka nikatia chai.

Juzi nilishindwa kujizuia. Nikamuuliza kwa nini siku ile hakutayamamu mapema, Nassor akakaa ndani na sisi.

Alikunja msala wake polepole.

"Niliona haya mbele ya watu wale," akasema. "Wasije wakasema tunasali wachafu."

Nikaenda kukaa jikoni peke yangu. Nnampenda, namkanda miguu, nampeleka hospitali. Kumsamehe bado sijaweza.