Aliyeombea Vumbi

Kila mtu kwenye kona yetu aliombea mvua, isipokuwa baba yangu mdogo. Gari la rali likipita kwenye changarawe kavu, unameza vumbi la kutosha kufyatulia tofali, na kabla hujapangusa macho linakuja jingine. Siku tatu hivyo. Unarudi nyumbani, mama yako anafungua mlango na kukuuliza unamtafuta nani. Lakini baba mdogo aliamka kila asubuhi ya mashindano akatazama juu, na akikuta hakuna hata wingu la kusingizia, anashusha pumzi kama mshtakiwa aliyeachiwa huru.

Tulidhani ni mapenzi ya rali yamempanda kichwani. Kumbe alikuwa hasikii. Alikuwa amekuwa kiziwi, hakumwambia mtu, na vumbi ndilo lililokuwa likimtunzia siri.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa mabomba ya moshi ya magari. Kukata, kuchomelea, kugonga nyundo ndani ya kibanda cha bati, mahali ambapo ukipiga chafya inakurudia mara mbili. Kuziba masikio aliona ni mambo ya watu wenye masikio laini. Basi masikio yakaondoka polepole, kama wageni wanaoaga, wanakaa tena, wanaaga tena.

Na masikio hayo ndiyo yaliyompa jina. Mashindano ya dunia yakija kwetu, yeye alijitolea kusimama kwenye kona iliyo chini ya kilima, kizibao cha rangi ya chungwa mwilini, filimbi shingoni. Magari huachiwa moja moja, yakipishana dakika chache, na katikati barabara inakuwa kimya. Watu wakiona kimya wanajisahau: huyu anavuka kumfuata shemeji yake, yule anataka picha. Mpuliza filimbi analisikia gari likiwa bado nyuma ya kilima, anapuliza, watu wanarudi nyuma ya utepe. Baba mdogo alilisikia wakati sisi wengine hatujasikia hata nzi. "Huyo anakuja, na bomba lake limepasuka," anasema. Gari linatokea, bomba limepasuka kweli. Mtaa mzima ukamwita Filimbi, hadi wateja wa kibandani.

Masikio yalipoanza kuaga, angeweza kusema. Lakini alikuwa ameshaona yaliyompata mzee wa bendera wa kona ya pili. Macho yalipopungua, chama cha rali kilimpigia makofi, kikampa kofia, kikampeleka kulinda maegesho. Baba mdogo aliporudi siku hiyo alisema, "Wamemzika na kofia."

Basi akajifunza kuona. Aliyesimama mbele yake alimsoma midomo. Kibandani aliweka kiganja juu ya bomba ili ausikie mtambo kwa mkono, na wateja wakaona huo ndio utaalamu, wakaanza kuleta marafiki. Kwenye kona akagundua kuwa vumbi huchungulia juu ya kilima kabla ya gari. Likipanda tu, anapuliza. Mimi nilishika utepe hatua chache kutoka kwake na sikushtuka. Nina nusu ya stashahada ya umeme, na nusu hiyo haikufika kwenye sura ya masikio.

Nyumbani hakukuwa na vumbi. Mama mdogo ni fundi cherehani, anashonea sebuleni, na ana tabia ya kuongea huku ameinamia kitambaa. Alimsemesha mumewe, kimya. Alimwita, mtu anapita zake.

"Baba yako mdogo ameninunia," aliniambia.

"Umemfanya nini?"

"Ningejua si ningeshaomba radhi?"

Na radhi aliomba. Aliomba kwa ajili ya chai yenye majani mengi, akaomba kwa maneno aliyowahi kumwambia wifi yake, akaomba hata kwa kunenepa. Yote hayo aliyasema kwa sauti ya chini, kwa mgongo wa mtu asiyesikia. Kisha mama yake mzazi akafa, na akaacha kuomba.

Chupa ya chai hakuacha. Kila mashindano aliipeleka konani akikatisha njia ya miguu ya upande wa pili wa barabara. Tulimkataza kuvuka magari yakishaanza. Angetusikia?

"Mimi barabara siitazami," alisema. "Namsikiliza mume wangu. Nyumbani hanisemeshi, lakini hapa angalau ananipulizia filimbi."

Tulicheka. Na mimi nilicheka.

Mwaka mmoja, siku ya tatu ya mashindano, ikanyesha. Si mvua ya kutisha, ni ile ya kulaza vumbi tu, ile tuliyoiomba kwa mikono miwili. Watazamaji walishangilia. Baba mdogo alisimama akitazama kilele cha kilima, na kilima hakikumwambia kitu. Gari la kwanza lilipita, filimbi ikalia likiwa limeshafika mbele yetu. La pili, hivyo hivyo.

"Filimbi, leo umelala?" mtu akamtania kutoka nyuma. Hakugeuka. Nikadhani amekasirika.

Mama mdogo akatokea upande wa pili, khanga kichwani, chupa kwapani. Alisimama ukingoni akasikiliza. Filimbi kimya. Akaingia barabarani.

Hapo nikalisikia gari. Matone kwenye majani yalikuwa yamelificha, na nilipolisikia lilikuwa karibu mno.

"Mama mdogo! Rudi!"

Akasimama katikati. Hakutazama kilima, alimtazama mumewe. Na mumewe, aliyemwona mkewe amesimama kwenye mvua bila sababu, akatabasamu, akampungia mkono. Njoo.

Akaja.

Gari lilitokea kilimani limekaa upande. Sijui aliruka au aliteleza, ninachojua ni kwamba alianguka kwenye mtaro wa upande wetu na chupa ikabaki barabarani. Gari likaisaga likaenda zake. Yeye alitoka na goti lililochubuka, matope hadi kwenye nyusi.

Mkuu wa kona alikuja mbio. "Nani alitakiwa kupuliza? Nani?"

Baba mdogo aliutazama mdomo wa mkuu, kisha vigae vya chupa. Akaivua filimbi shingoni, akaiweka kwenye mkono wangu. Hakusubiri kofia.

Nyumbani niliwapikia chai mimi. Mama mdogo alivuta kiti akakaa mbele ya mumewe, goti kwa goti.

"Husikii."

Alimsoma midomo. "Sisikii."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipobadilisha bati la jikoni."

Nilimwona akirudisha nyuma hesabu usoni. Bati la jikoni lilibadilishwa kabla ya msiba.

"Nilipofiwa nilisimama pale mlangoni," alisema taratibu, akiyachonga maneno ili mumewe ayaone. "Nikakuambia siwezi kubaki peke yangu leo. Ulikuwa umeinama unafunga viatu. Ukamaliza, ukaenda kazini."

"Sikusikia."

"Najua sasa."

"Ningesema, wangeninyang'anya kona."

"Na mimi je? Hukuogopa mimi kuondoka?"

Alifikiri, maskini, akajibu ukweli. "Wewe nilijua huondoki."

Mama mdogo alicheka kidogo, kicheko ambacho sikutaka kukisikia tena. "Afadhali ungekuwa umeninunia kweli. Mtu aliyenuna, ipo siku anacheka."

Akamshika mkono. Nikafikiri yameisha. Kisha akainuka akaenda kwenye cherehani, akainamia kitambaa, na kwa mazoea, mgongo umempa mumewe, akasema kwa sauti ile ile ya chini, "Radhi zangu zote zile. Nilikuwa naziomba kwa nani?"

Baba mdogo aliona mabega yakisogea. Akanigeukia.

"Amesema nini?"

Nilimsogezea kikombe.

"Anasema chai itapoa," nikamwambia.

Akachukua kikombe, akamnyanyulia mkewe kumshukuru. Mkewe hakuwa anatazama. Akanywa.