Doa la Manjano kwenye Zulia la Bibi Mwanahawa

Jumapili ile naikumbuka kama ya wiki iliyopita, mwanangu, ingawa kichwa kimeshaanza kuota mvi na tumbo linanitangulia mlangoni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, tunakaa hapa hapa Magomeni, Kilosa, na nilijiona najua kila kitu. Leo najua kweli. Kuanzia hapa mjini mpaka nyumba za wageni za Mikumi, zulia likipata doa lililowashinda watu, napigiwa simu mimi. Vijana wana mashine za kurusha maji, wana fulana zenye maandishi mgongoni, lakini doa likiwagomea wanasema, "Mwiteni mzee." Najisifu, ndiyo. Shule niliiachia darasa la tano, na nyumba ya matofali ya kuchoma nimeijenga kwa mikono hii hii na brashi. Nisipojisifu mimi, nimsubiri nani? Ila leo nakusimulia siku niliyokuwa mjinga, kwa hiyo tulia.

Dada yangu Rehema alikuwa anaposwa. Washenga walikuwa wanatoka Msowero, watu wazima wenye heshima zao, na sisi sebuleni tulikuwa na mkeka uliokatika pembe mbili. Mgeni mkubwa akija, unaazima zulia kwa jirani. Ndivyo tulivyoishi, na wengi bado tunaishi hivyo. Mama akanituma kwa Bibi Mwanahawa, mjane wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Bibi alikuwa na zulia rangi ya maziwa lenye maua ya bluu. Marehemu mumewe, aliyekuwa fundi wa reli, alimletea kutoka Dodoma, na tangu afariki zulia lile lilitandikwa siku za shughuli tu.

"Chukua," bibi akaniambia. "Lakini Ijumaa nina khitma ya mume wangu. Nataka akinamama wakae juu ya zulia lake. Umenisikia?"

"Nimesikia, bibi. Ijumaa bado mbali."

"Kwako wewe," akasema, akanitazama nikilibeba begani peke yangu, maana nilikataa kusaidiwa.

Washenga wakaja, maneno yakaenda vizuri, chakula kikaiva. Mama alikuwa amepika kuku wa mchuzi, manjano ameyatia bila huruma. Akaniambia nipeleke bakuli moja moja. Mimi nikabeba mawili, moja kila mkono, ili wageni waone nyumba hii ina kijana. Wakaona. Nilijikwaa kwenye kandambili ya mtu pale mlangoni, na bakuli la kushoto likaenda lote chini.

Kisha mshenga mkubwa akasema, "Basi zulia nalo limeshiba, sasa tuleteeni na sisi." Watu wakacheka, Mama akacheka kwa meno tu. Mimi nikasema kwa sauti, "Hilo dogo, niachieni mimi."

Tazama kosa la kwanza, mwanangu. Mchuzi ule ulikuwa bado mbichi. Ningechukua kijiko nikaukwangua, nikachukua kitambaa cheupe kikavu nikaukandamiza pale pale, nusu ya doa ingeondoka kabla wageni hawajanawa. Sikufanya hivyo. Niliusugua kwa tambara la jikoni, huku na huku, mpaka doa la ukubwa wa sahani likawa la ukubwa wa sinia. Kisha nikaliacha lilale.

Jumatatu asubuhi nikalitoa uani. Nikachukua sabuni ya mche na brashi ngumu ya kufulia, nikapaka sabuni, nikamwaga maji ya moto, nikasugua kwa nguvu zangu zote. Lile doa la njano likageuka jekundu mbele ya macho yangu. Jekundu kabisa. Rehema akatoka jikoni, akashika kiuno.

"Kaka, umechinja nini hapo?"

"Ondoka."

"Nauliza tu. Bibi ametuazima zulia, wewe utamrudishia machinjio."

Nikaongeza sabuni, wekundu ukazidi. Nikaona basi, dawa ya nguo nyeupe. Ilikuwepo kidogo kwenye chupa, Mama alitumia kwa mashuka. Nikaimimina pembeni ya doa kujaribu, na pale ilipogusa, ua moja la bluu likaanza kupauka. Mpaka Rehema ananinyang'anya chupa, ua lilikuwa limekuwa jeupe kama limechovywa kwenye chokaa. Maua yote ya bluu, moja jeupe. Doa unaweza kulipigania. Rangi ikishaondoka, hakuna fundi wa kuirudisha, hata mimi wa leo.

Kosa kubwa lakini lilikuwa bado. Jumanne Bibi Mwanahawa aliniona akipita nje ya uzio wetu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Zulia langu halijambo?"

"Halijambo, bibi. Linakauka tu."

Nilimdanganya mtu mzima, mjane, kuhusu kitu alichoachiwa na mumewe. Niliwaza kukimbilia Kidete kwa mjomba, nikae huko mpaka khitma ipite. Niliwaza hata kulikata lile ua. Mtu mwenye aibu anawaza vitu vya ajabu.

Jumatano asubuhi akaja mwenyewe bila hodi ya pili, akapita moja kwa moja uani. Nilikuwa nimelikunja doa likae ndani. Akalikunjua kwa mguu. Akatazama wekundu, akatazama ua jeupe. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Nini kilimwagika?" bibi akauliza.

"Mchuzi, bibi. Nikapaka sabuni ya mche, likawa..."

"Najua lilivyokuwa. Manjano yakikutana na sabuni kali yanakuwa damu. Nimepika kwenye shughuli za mji huu tangu hujazaliwa, kanga zangu zote zimepitia huko. Ungeniuliza Jumapili ningekwambia Jumapili." Akakaa kwenye kigoda. "Sikiliza, we mtoto. Kumwaga hukufanya makusudi. Lakini umekaa na zulia langu siku tatu, unanisalimia, unaniambia halijambo. Hilo ndilo limenichafua moyo. Hilo unalifua na nini?"

Nikapiga magoti, nikamwambia yote, hadi ile habari ya Kidete. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Haya, inuka. Kidete hawana shida na wewe. Umetia na dawa ya nguo nyeupe, sivyo? Suuza kwanza itoke yote. Maji baridi, mara nyingi, mpaka harufu iishe kabisa. Ukiichanganya na limau inatoa moshi wa kukaba kifua, utaniulia watu hapa."

Nikasuuza mpaka mikono ikakunjamana. Kila maji nayakamua kwa kitambaa, nakandamiza, sisugui, maana alikuwa ameshika fimbo ya kukomea mlango na kila nikisugua ananigonga kidole. Ndipo akaagiza malimau. Tukakamua, tukachanganya na maji, nikachovya kitambaa, nikaanzia pembeni mwa doa kwenda katikati, taratibu. Wekundu ukarudi kuwa njano pale pale. Mama akasema, "Subhanallah."

"Bado," bibi akasema. "Sasa lisuuze tena, ulitandaze juani, doa litazame juu. Manjano yanaogopa jua kuliko wewe unavyoniogopa mimi."

Jumatano ile na Alhamisi nzima nilikaa uani kama mlinzi. Sehemu isiyo na doa niliifunika shuka jua lisiipaushe. Kila doa likikauka nilipitisha limau kidogo na maji, na kila nikiangalia lilikuwa limefifia. Alhamisi alasiri ulihitaji kuambiwa palipokuwa na doa ndipo upaone. Lakini lile ua jeupe lilikuwa pale pale, linanitazama.

Ijumaa nikalipeleka, nikalitandika mwenyewe. Nikajaribu kuliweka ua chini ya kabati, zulia halikufika. Nikajua akinamama wote wa Magomeni wataliona, watauliza, na jina langu litatajwa. Baada ya swala wakaja. Mimi nilikuwa napitisha maji ya kunawa, nikachungulia ndani. Bibi Mwanahawa alikuwa amekaa juu ya lile ua. Mmoja akamwambia, "Bibi, sogea huku kwenye mto upumzishe mgongo." Akajibu, "Hapa hapa, pana upepo." Sebule ile haikuwa na upepo hata kidogo. Alikaa hapo tangu dua ya kwanza mpaka ya mwisho, wakala, wakaondoka, yeye ndiye aliyenyanyuka wa mwisho. Hakuna aliyeuliza.

Wiki iliyofuata aliniita, nikaenda. Alikuwa ameniitia zulia la jirani yake lenye doa la chai. Kazi yangu ilianzia hapo, na Rehema yuko Msowero, ana wajukuu sasa, bado ananiita mchinjaji.

Basi shika haya, mwanangu. Kabla hujagusa doa, uliza limetokana na nini, maana kila doa lina maji yake. Damu ni maji baridi na chumvi, ukiipa ya moto umeipika. Mafuta ya nyama yanyunyizie unga mkavu, uuache uyanywe, kisha ufagie. Chai ya maziwa ifyonze kwa kitambaa, halafu maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji kidogo. Mtoto akikojoa, maji na siki. Nta ya mshumaa iache igande, uikwangue kwa kijiko. Tope jekundu la barabarani usiliguse likiwa bichi, likauke ulikung'ute kwanza. Dawa yoyote ijaribu pembeni pasipoonekana. Kandamiza, usisugue. Usiliroweshe zulia, litaoza kwa chini. Na ukiharibu cha mtu, mwambie siku hiyo hiyo, kabla hakijakauka. Nimefua madoa ya kila aina, hakuna lililowahi kunishinda kama ile "linakauka tu."

Mungu akupe mikono mipole na macho ya kuona mapema. Akujaalie kazi ya kujivunia kama yangu. Na siku utakayoharibu, maana utaharibu, akupe jirani wa kukaa juu ya doa lako mpaka wageni waondoke.