Tangi la Chumvi na Wageni wa Hadja

Kwa mtu aliyetumia miaka kumi na sita ya maisha yake chini ya maji, mahali ambapo hakuna anayeweza kutia neno, Marcellin alikuwa msemaji mno. Pengine ndiyo sababu yenyewe. Alikuwa mzamiaji wa kampuni moja iliyokuwa ikisafirisha samaki wa mapambo kwenda Ulaya, wale wadogo wenye rangi wanaokaa kwenye miamba ya ziwa, kusini ya bandari ya Kalundu. Kisha ngoma ya sikio lake la kushoto ikapasuka, daktari akamkataza kuzama, na kampuni ikamshukuru kwa mkono mmoja huku mwingine ukimwonyesha mlango. Mwaka mzima alikaa nyumbani Songo, mtaa mmoja wa Uvira, akimfundisha mke wake Noella namna ya kufuga kuku aliokuwa amewafuga tangu kabla hawajaoana.

Ndipo Ismaili alipomwita. Ismaili ni mfanyabiashara wa vitambaa, wa zile familia za Waislamu ambazo babu zao walifika Uvira kwa biashara ya ziwa wasirudi tena. Alikuwa ameleta kutoka Dubai tangi la kioo refu kama kitanda, akaliweka kwenye salon, sebule ya wageni. Ndani yake mlikuwa na maji ya chumvi, matumbawe yaliyo hai na samaki sita wa baharini. Watu walimcheka chinichini. Mtu anaishi kando ya ziwa ambalo samaki wake wanapanda ndege, naye analipia samaki wa kwa wenzake! Walimcheka, lakini walikuja kutazama, na waliotazama mara moja walirudi na shemeji zao.

Marcellin alipewa ufunguo wa kabati lililo chini ya tangi, akawa mtunzaji. Alikinga maji ya mvua, akayachanganya na chumvi ya baharini iliyokuja kwenye ndoo kutoka ng'ambo, akapima, akabadilisha. Kazi ya nchi kavu, mshahara kila mwezi, na heshima ya kuitwa wakati wageni wanapouliza maswali. Kwa umri wake na sikio lile, hakuna mahali pengine Uvira ambapo angepata kazi ya namna hiyo, na alilijua hilo vizuri.

Kabatini mlikuwa na mashine ya povu. Ilikuwa bomba lililovuta maji ya tangi na kuyapulizia hewa mpaka yakajaa vipovu vidogo. Vipovu vile vilinasa mafuta, makombo na uchafu wa samaki kabla haujaoza, vikapanda navyo juu hadi kwenye kikombe. Kila asubuhi Marcellin alimwaga kikombe hicho, maji ya kahawia yenye harufu ya kuudhi. Siku moja umeme ulirudi kwa nguvu baada ya kukatika, mashine ikanuka moshi, na huo ukawa mwisho wake.

Protais, fundi wa Bujumbura aliyelifunga tangi lile, alisema kwenye simu kwamba bila mashine kila kitu kitakufa, na kwamba mpya itachukua wiki tano kufika. Ismaili akaiagiza. Harusi ya Raïssa, binti wa Ismaili, ilikuwa imebaki wiki nne. Wakwe walikuwa wanatoka Bujumbura, na akdi ya ndoa ingefungwa kwenye salon ile ile, mbele ya tangi.

Ismaili alimuuliza Marcellin mbele ya watu, Ijumaa baada ya sala, salon imejaa. Je, tangi la bahari haliwezi kabisa kuishi bila mashine ile?

Mtu mwenye busara angesema atafikiri. Marcellin alivuta pumzi kama anayezama. Alieleza kwamba mashine ni msaada, si roho. Samaki ni sita tu na tangi ni kubwa. Chakula ni kidogo kwa siku, kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili. Ukibadilisha maji kila wiki na usizidishe chakula, hakuna uchafu wa kuishinda miamba iliyo ndani, kwa maana miamba yenyewe inasafisha. Ziwa lote lile, aliuliza, nani amelifungia mashine? Watu wakacheka, na kicheko kile kikampanda kichwani.

"Patron, minye nasema haina lazima," alimaliza. "Ikikufa kitu humu ndani, unifukuze."

Alichosema kuhusu maji kilikuwa kweli, na ieleweke hivyo. Ni ile sentensi ya mwisho ambayo hakuna aliyemwomba. Noella alipoisikia jioni alimuuliza kama kampuni ya kwanza pia aliisaidia kumfukuza.

Wiki mbili za kwanza maji yalikaa safi hata Marcellin akaanza kusema kwamba mpya ikifika irudishwe. Wiki ya tatu aliingia asubuhi akakuta utando juu ya maji, mwembamba, unang'aa kama juu ya mchuzi uliopoa. Akaufuta. Kesho yake ulikuwa umerudi, mzito zaidi. Matumbawe yaliyokuwa yakichanua kila asubuhi yalibaki yamejikunja. Kwenye kioo kukaota ukungu wa kahawia. Alitia maji kwenye kichupa cha kupimia, akadondosha dawa, na rangi ikawa nyekundu ya hatari ambayo hajawahi kuiona tangu aanze kazi.

Akapunguza chakula nusu. Akabadilisha maji mara mbili kwa wiki, kisha mara tatu, akiona ndoo ya chumvi inavyopungua na nyingine iko njiani pamoja na ile mashine. Hali ikazidi kuwa mbaya, na hilo ndilo lililomtisha. Angekuwa amekosea hesabu, basi kupunguza chakula kungesaidia. Jumatatu ya wiki ya nne akamkuta samaki mmoja amelala mchangani, ubavu juu. Akamfunga kwenye mfuko wa plastiki na kumtia mfukoni, mtu mzima wa miaka arobaini na saba anaiba maiti ya samaki.

Ismaili alihesabu watano jioni ile ile. Hakupiga kelele. Aliita nyumba nzima salon akauliza, mmoja mmoja, nani anatia kitu ndani ya tangi. Mpishi akakana, Raïssa akakana. Hadja Sharifa, mama yake Ismaili, ambaye amekwenda Makka na kurudi na neno lake ni muhuri pale nyumbani, alisema kwa jina la Mungu kwamba mkono wake haujawahi kuingia mle. Likabaki jina moja tu la kutiliwa shaka. Ismaili alimtazama Marcellin akamwambia kwamba Protais atafika Alhamisi kutazama, na siku hiyo wataongea.

Marcellin hakulala vizuri siku tatu. Alijihoji kila hatua. Labda ndoo ilikuwa na sabuni. Labda mvua ilibeba vumbi la bati. Labda hakuwa fundi wa chochote, alikuwa mtu wa kushika samaki kwa wavu tu, na maneno yamemponza.

Alhamisi alifika mapema, akajipenyeza nyuma ya tangi, kwenye nafasi kati ya kioo na ukuta, kusafisha mabomba kwa brashi. Pale alipochutama hakuonekana. Akasikia viatu vikivuliwa mlangoni na sauti za wanawake. Siku zile za karibu na harusi wageni hawakukatika, jamaa wa Songo, majirani, wanawake waliotoka Nyakabere na mihogo yao ya zawadi. Hawa walikuwa saba. Hadja akawakaribisha, chai ikaletwa, maandazi yakaletwa.

Kisha, akichungulia kupitia maji yenye ukungu, Marcellin akamwona mama yule akisimama na kopo. Alipita kwa kila mgeni na kumtilia kwenye kiganja unga wa ndagala, dagaa wa ziwani, zilizokaushwa na kutwangwa. Wageni wakasogea, wakainua kifuniko cha tangi, wakarusha, mmoja baada ya mwingine, wakicheka samaki walipokimbilia juu.

"Mutu hawezi kula, kiumbe kiko kinamuangalia macho," Hadja aliwaeleza. "Apa kwangu mugeni anakula, na ye analisha. Njo baraka ya nyumba."

Viganja saba. Jana wangapi, juzi wangapi? Unga ulizama, mafuta yake yakatanda juu mbele ya pua ya Marcellin. Alielewa yote kwa mara moja, pamoja na kiapo. Hadja hakudanganya. Mkono ulioingia haukuwa wake, ulikuwa wa wageni, na kwa mawazo yake kumkirimu mgeni na kulisha samaki ni mambo mawili tofauti. Lakini nani angesimama kueleza hivyo mbele ya mwanawe, siku tatu kabla ya harusi, bila kusikika akisema kwamba Hadja ameapa uongo? Furaha ya kujua kwamba hakukosea ilimdumu muda wa pumzi mbili hivi. Baada yake ikaja hofu.

Hakupata muda wa kufikiri. Ismaili aliingia na Protais. Fundi alitazama utando, akanusa maji, akatikisa kichwa kwa utulivu wa mtu aliyewahi kupuuzwa. Ilibidi Marcellin atoke nyuma ya tangi, magoti yamelowa, brashi mkononi. Macho ya Hadja yalitoka kwake yakaenda kwenye pengo alilotokea, yakarudi.

Ismaili alimuuliza sasa anasemaje.

"Patron, hii maji inaomba mashine," Marcellin alisema.

"Weye njo ulisema haina lazima. Mbele ya batu."

"Nilisema. Nilikosea. Nilipima samaki, nikapima maji. Nyumba yenyewe sikuipima."

Ismaili hakuelewa na hakutaka kuelewa. Alinyoosha kiganja, na Marcellin akatia ufunguo. Alifikiria namna ya kumwambia Noella, akaona kwamba hakuna namna. Alikuwa ameshainama kutafuta viatu vyake pale mlangoni aliposikia kikombe kikiwekwa mezani kwa nguvu.

"Ismaili," mama yake alisema, "muulize kama aliona nini pale nyuma."

Ismaili akauliza. Marcellin alivaa kiatu kimoja, akanyoosha mkono kutafuta cha pili. Mgeni mmoja wa Nyakabere akaanza kukung'uta unga kwenye vidole vyake. Hadja akalichukua kopo na kuliweka juu ya meza mbele ya mwanawe, kifuniko wazi.

Alieleza mwenyewe, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Alisema alikuwa akiwapa wageni, na wageni walikuwa wakitupa, kila siku tangu posa ipokewe, na wiki hizi wageni walikuwa wamezidi. Alisema hakujua kwamba ni kosa, na kwamba huyu baba amejua leo na amekubali kufukuzwa kuliko kumwaibisha mbele ya wageni wake. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa haya. Watu wa nyumba ile hawakuwahi kuuona hivyo.

"Mashine ikifika ifungwe," alisema. "Minye sitafunga mukono kwa wageni juu ya samaki. Na ufunguo umurudishie."

Ismaili aliupima ufunguo kiganjani muda mrefu. Kisha akauweka mezani upande wa Marcellin, bila kumtazama. Akamuuliza Protais mashine itafika lini. Wiki ijayo, kwa bahati. Harusi ni Jumapili. Ndipo akamgeukia Marcellin na kumuuliza kama samaki watafika Jumapili wakiwa hai.

Watu wote salon walikuwa wakimtazama, kama ile Ijumaa. Kwenye ndoo ilibaki chumvi ya kubadilisha maji mara moja, labda mara moja na nusu. Samaki watano walikuwa wamekaa juu kabisa, midomo wazi, wakitafuta hewa.

"Sijui, Patron," alisema.

Akavua koti, akakunja mikono ya shati, akamwomba Protais amshikie mpira wa kutolea maji.