Wokmani Mbili, Tumbo Moja

Kaseti ilitoka kwenye kopo la vifungo. Mama alikuwa anatafuta kifungo cha blauzi, mie nikaiona kabla yake, nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia dirishani. Kaseti ya bibi! Miaka yote hii tulijua imepotelea Keko, siku tuliyohamia huku Mbagala.

Bibi yetu wa Masasi hakujua kuandika, kwa hiyo barua zake zilikuwa kaseti. Aliazima redio ya jirani, akabonyeza, akaongea, kisha akampa mtu anayekuja Dar atuletee pamoja na korosho. Na aliongea kana kwamba tumekaa naye mkekani. Anasema, "Haya, nimeketi," kisha kimya. Kimya kile ni cha sie kumwamkia. Tukishasema shikamoo, kaseti inajibu, "Marahaba." Ole wako usiamkie! Mama alikuwa anakutolea macho mpaka useme, tena kwa adabu, unaiambia redio.

Sasa mama ana miaka themanini na moja. Aliishika ile kaseti kwa mikono miwili.

"Sauti ya mama yangu imeanza kunitoka," akasema. "Sura ninayo, sauti sina."

Jamani! Mie na subira wapi na wapi? Nikaingia uvunguni, nikaivuta wokmani yangu ya usichana, kile kiredio cha kaseti cha kusikilizia masikioni, nikampigia kaka yangu Kinondoni alete na yake. Wokmani hizo nusura zitufanye maadui. Yangu ilikuwa na jina la herufi nyekundu, yake jina jingine, la rangi ya fedha. Kaka alikuwa anasema yangu feki, mie nasema yake inalia kama mbu. Zote tukazitia betri mpya. Yangu ilinguruma tu bila kuzungusha kitu, yake haikutoa hata pumzi.

Tukaenda Keko kwa fundi redio, kibanda chake kimebanwa na maseremala, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Akafungua skrubu za zote mbili, akazilaza ubavu kwa ubavu, akaanza kucheka.

"Dada, braza, hebu njooni mwone."

Matumbo yalikuwa yale yale! Gurudumu kwa gurudumu, waya kwa waya, hata namba iliyopigwa ndani ilikuwa moja.

"Kiwanda kimoja hiki," fundi akasema. "Kila muuzaji kabandika jina lake."

Mie na kaka tukatazamana. Miaka thelathini ya kutambiana, kumbe tunagombania stika! Nilicheka mpaka nikashikilia kitanda cha watu ambacho vanishi haijakauka, na seremala akanisema, haki yake.

Basi ikawa rahisi. Mpira wa kuzungushia wa kwangu ulikuwa umelegea kabisa, mota ya kaka ilishakufa. Fundi akauvua mpira wa kaka akauvisha kwenye yangu.

"Leta kaseti tuijaribu."

"Thubutu!" nikamwambia. Utepe ule ukitafunwa, bibi kafa mara ya pili. Sikuiachia. Fundi akatafuta kaseti yake ya kwaya, ikaimba safi, haikukwaruza. Hapo hapo kaka akaanza, "Lakini mpira ni wangu." Mie nilikuwa nimeshatoka mbio.

Nyumbani nikairudisha kaseti mwanzo kwa kalamu, kama tulivyokuwaga tunafanya kubana betri. Spika hatuna, kuna vile vya masikioni tu, kwa hiyo wa kusikia ni mmoja. Nikamvisha mama. Nikabonyeza.

Sie wawili tukakaa chini, hatusikii chochote, tunamwangalia usoni. Magurudumu yanazunguka. Mama katulia. Mtaa huu wote unamwamkia yeye, kuanzia muuza genge mpaka mjumbe, asubuhi nzima ni marahaba, marahaba. Yeye mwenyewe hana tena mkubwa wake wa kumwamkia.

Mara akajiweka sawa kwenye kiti. Akavuta mtandio ukafunika nywele, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Akangoja. Na sie tukangoja, kaka kanibana mkono mpaka unauma.

Kisha mama akainua uso umelowa machozi, anacheka, akatupigia kelele kama wanavyofanya watu walioziba masikio:

"Kaitikia!"